Gari Lisiondoke Mlangoni

Gari lilikuwa limeshaanza kurudi kinyumenyume, na Mama alikuwa mbele yake akilifukuza kwa mikono miwili, kama mtu anayefukuza kuku walioingia kwenye unga ulioanikwa.

"Rudi! Rudi nyuma! Bado. Rudi mpaka nisikuone."

"Mama, mkunga alisema gari lisiondoke mlangoni."

"Mkunga akimaliza kazi atabeba mkoba wake aende kwake. Mimi nitabaki hapa na hawa." Akanyoosha kidevu kuelekea upande wa pili wa barabara, ambako wanawake wawili walikuwa wamesimama na ndoo zao, wamesahau kwamba maji yanamwagika. "Nimesema rudi."

Dereva akarudi. Hakuwa mtu wa kubishana, na kwa mama yake ndiyo kabisa. Mtaa mzima ulimwita Safari, hata mama yake siku akiwa na furaha, kwa sababu ya maneno ya rangi ya fedha yaliyobandikwa kwenye kioo cha nyuma cha gari aliloliendesha: SAFARI NJEMA. Lilikuwa gari refu, jeusi, la kampuni ya mazishi. Watoto wa mtaani wakiliona walishika vichwa na kukimbia, na wakubwa walijifanya wanatafuta kitu mfukoni mpaka lipite.

Asubuhi hiyo lilikuwa limesimama mlangoni kwa kaka yake, Kinyozi, kwa sababu mke wa Kinyozi alikuwa ndani na uchungu. Ndivyo walivyopanga. Mkunga aliyekubali kumzalisha nyumbani alikuwa mkunga wa cheti na leseni, mama wa makamo, mwenye mkoba mzito na maneno machache, naye hakukubali kirahisi. Alitaka kujua mimba ya kwanza ilikwendaje. Alitaka mama ahudhurie kliniki bila kukosa. Na mwisho akasema jambo ambalo alilirudia kila alipokuja: gari liwe mlangoni kutoka uchungu unapoanza mpaka yeye mwenyewe atakapoliruhusu. Hakutaka gari la kupigiwa simu, wala la jirani aliyeahidi. Alitaka gari analoliona.

Wenye teksi walikataa kukaa siku nzima kwa bei ambayo kinyozi angeweza kuitoa. Gari la wagonjwa la hospitali lilikuwa hadithi tu. Aliyewahi kuliona alikuwa hajulikani. Ndipo Safari, ambaye katika vikao vya nyumba ile kwa kawaida alikaa karibu na mlango na kunyamaza, akasema, "Langu lipo."

Wote waliguna. Mkunga hakuguna. Alitoka nje, akafungua mlango wa nyuma, akavua viatu, akapanda akalala chali palepale wanapolazwa wale wengine. Akanyoosha miguu, akapapasa kulia na kushoto.

"Panatosha," alisema akiwa amelala hivyohivyo. "Ni bora kuliko teksi. Hapa mtu ananyooka, na mimi napata pa kupiga magoti. Dereva, hizi reli za jeneza hapa chini zinatoka?"

"Zinatoka, mama."

"Basi siku hiyo zitoe, uweke godoro."

Kwa miaka yote aliyoendesha gari lile, huyo ndiye mtu wa kwanza kulala humo na kumsemesha. Safari alimpenda mkunga yule kuanzia hapo. Na Shemeji, mke wa Kinyozi, aliyekuwa mshonaji wa sare za shule, alishona foronya ya godoro kwa mabaki ya kitambaa cha maua, na mapazia mawili madogo ya vioo vya pembeni. "Nitapanda basi la kifahari mwenzenu," alisema akicheka, huku sindano ikiwa mdomoni.

Sasa kila kitu kilikuwa tayari, reli zimetolewa, godoro limevikwa maua yake, na gari lilikuwa linaondoka.

* * *

Kosa, kama ni kosa, lilianzia kwa jirani wa mkabala, Mama Mapacha. Aliliona gari kupitia dirisha lake. Alipoona limekaa na halitoki, alifanya kile ambacho jirani mwema hufanya: akafunga kitambaa cheusi kichwani, akaacha sufuria motoni, akavuka barabara huku ameshaanza kulia.

"Jamani! Jamani poleni! Ni nani? Ni yule mgonjwa wa kifua?"

"Mgonjwa gani wa kifua?" Mama aliuliza. "Hapa hakuna msiba. Hapa mkwe wangu anajifungua."

Mama Mapacha akafuta machozi haraka kama mtu aliyekamatwa na kitu kisicho chake. "Aa! Hongereni. Sasa… na lile gari?"

"Ni la mwanangu, si unalijua?"

"Nalijua, mama. Ndiyo maana nikauliza."

Nyuma yake walikuwa wameshakuja wengine wawili, na mzee mmoja aliyevua kofia tangu kwenye kona. Mmoja wa wanawake alisema, si kwa sauti ya chini kama alivyodhani, kwamba mtoto anayepokelewa na gari la maiti amepokelewa vibaya. Mwingine akasema labda wameamua kumaliza kila kitu kwa safari moja. Wakacheka kidogo, wakajikaza. Mama akawashukuru, akawasindikiza mpaka barabarani akitabasamu kwa meno ya mbele tu, kisha akageuka, na tabasamu likafa njiani.

Mama hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameosha shuka zote tangu jana, amechemsha maji, amemkanda mkwewe mgongo alfajiri nzima bila kulalamika mikono. Lakini alikuwa ameishi kama mgeni mtaani pale kwa muda mrefu, akihama chumba cha kupanga baada ya kingine, mpaka akapata jina la mtu anayejiheshimu, na jina lile alilishika kama yai. Kazi ya mwanawe mdogo ilikuwa doa. Kila jioni alimnawisha mikono kwenye bomba la nje kabla hajavuka kizingiti, na kikombe chake alikitenga na vingine na kukiweka peke yake dirishani. Shemeji ndiye aliyekirudisha kabatini kila siku, na Mama ndiye aliyekitoa tena.

"Kaka," Safari alisema sasa, akitoa kichwa dirishani. "Sema na Mama."

Kinyozi alikuwa amesimama kizingitini, shati limefungwa vibaya vifungo. Alimtazama mama yake, akamtazama mdogo wake, akajikuna shingo.

"Sogeza tu kidogo, bwana. Unamjua Mama akishaanza. Utasumbua aliye ndani."

"Kidogo wapi?"

"Gereji," Mama akakata. "Kule kwa Spana. Magari mabovu yanakaa kule, hakuna atakayeuliza. Ni hapo tu. Tukikuhitaji tutapiga simu."

Dirisha la chumba cha kujifungulia lilitazama barabara. Pazia lilitikisika, na sauti ya mkunga ikatoka nje, bila uso.

"Nasikia injini. Gari linakwenda wapi?"

Mama akasogea dirishani. "Haliendi popote. Analigeuza lipate kivuli."

"Lipo mlangoni?"

"Lipo."

Safari alikuwa na mkono kwenye gia. Aliyasikia maneno hayo wazi kama yalivyo. Mdomo aliufungua. Ndani, Shemeji alianza kuguna, mguno mrefu unaopanda kama mtu anayeinua gunia, na mkunga akamgeukia yeye: "Vizuri. Usipigane nao. Pumua." Mama akamtazama Safari kwa macho ambayo alikuwa akiyajua tangu akiwa na urefu wa meza. Akafunga mdomo. Akakanyaga mafuta, gari likapita kona.

* * *

Gereji ya Spana ilikuwa kiwanja chenye mafuta meusi ardhini, uzio wa mabati na geti moja. Spana mwenyewe alitokea chini ya lori, uso umepakwa grisi mpaka yakaonekana meno tu.

"Safari Njema! Umekuja kunichukua? Bado nina kazi."

"Naegesha tu. Shemeji anajifungua."

"Kwa hiyo wewe ndiye wa akiba!" Spana akacheka peke yake, kisha akaona mwenzake hacheki. "Haya, sogea kule ndani kabisa, kwenye uzio. Pembeni hapa kuna lori linaingia."

"Usinizibe, Spana. Naweza kuitwa wakati wowote."

"Wewe una wateja gani wa haraka? Wateja wako ndio watu pekee mjini wasio na haraka." Akampiga bega, akaacha alama ya grisi kwenye shati jeupe la kazi. "Nikilala chini ya lori, ukiitwa, nitalisogeza. Keti."

Safari akaketi kwenye tairi. Alijaribu kuiweka akili yake mahali pazuri. Alijiambia ni hapo tu, kona moja na mtaro. Akajiambia Shemeji ana nguvu, mimba ya kwanza alijifungua hospitali bila shida yoyote ya mwili. Shida ilikuwa nyingine. Siku ile wodi ilikuwa imejaa, akajifungulia kwenye benchi la korido, huku nesi akila na kumwambia afunge mdomo kwani alipokuwa akiitafuta mimba hakupiga kelele. Mtoto, binti, alikuwa mzima kabisa. Sasa alikuwa na meno yote na alikuwa amepelekwa kwa shangazi. Lakini Shemeji hakuwahi kulisahau lile benchi. "Sitaki makubwa," alimwambia mkunga siku ya kwanza. "Nataka tu mtu aniite kwa adabu nikiwa uchi." Mkunga akasema hilo si kubwa, hilo ni haki yako, na ndipo wakaanza kupanga.

Lori lilikuja, likaegeshwa nyuma ya gari la Safari, likazimwa. Spana na vijana wake wakaanza kufungua gia boksi. Safari aliona, akanyanyuka nusu, akasema, "Spana…" Spana akajibu kutoka chini, "Dakika chache tu, ndugu yangu." Akaketi tena. Hiyo ilikuwa mara ya pili siku ile kuanza neno na kuliacha.

Simu ilipolia alikuwa anakunywa chai. Aliipokea akitabasamu.

"Mtoto?"

"Mtoto katoka," Kinyozi alisema. "Wa kiume. Analia. Leta gari."

"Hongera, kaka! Sasa gari la…"

"Ni yeye. Ni damu. Mkunga kamchoma sindano, haikatiki. Leta gari."

Gia boksi ilikuwa chini, kwenye turubai, imefunguliwa vipande. Lori halikuwa na namna ya kuondoka kwa injini. Wakaondoa mawe kwenye magurudumu, wakasukuma: Spana, vijana wake, Safari, muuza chai, mpita njia mmoja. Likasogea kiasi cha mkono likaingia kwenye shimo la mafuta likakataa. Wakasukuma tena. Mtu akasema tulete jeki. Mwingine akasema tulete kamba. Simu ikalia tena mfukoni mwa Safari na hakuipokea, akaendelea kusukuma.

Akaingia ndani ya gari. Akawasha. Mbele yake kulikuwa na uzio.

"Weee!" Spana alipiga kelele. "Mabati yangu!"

Mabati yakapasuka kwa sauti ya kuchana shuka kubwa. Nguzo moja ikavunjika na nyingine ikaburuzwa chini ya gari mpaka barabarani, na kioo cha mbele kikapata ufa kutoka upande hadi upande. Watoto waliokuwa wakicheza kwenye mtaro, kwa mara ya kwanza, hawakushika vichwa. Walisimama wakishangaa gari la maiti linavyokimbia.

* * *

Chumbani mkunga alikuwa amepiga magoti juu ya kitanda, mkono mmoja ndani ya Shemeji na mwingine ukibana tumbo kwa juu, jasho likimdondoka kidevuni. Hakuweza kuutoa mkono wowote. Kando, kwenye kapu la nguo, mtoto alikuwa amefungwa vizuri na kulia kwa nguvu zake zote, kama mtu ambaye hajaambiwa.

Mkunga aligeuza kichwa alipomwona Safari mlangoni.

"Ulikuwa wapi?"

"Msimuulize sasa," Mama akasema haraka. Mikono yake ilikuwa myekundu mpaka viwikoni. "Mbebeni. Mbebeni mtoto wa watu."

Walimbeba na godoro la kitandani, kila mtu pembe yake, na mkunga akitembea kwa magoti na kisha kwa miguu pembeni bila kuachia. Wakamlaza juu ya lile la maua. Mama Mapacha alikuwa ameshavuka barabara tena, bado na kitambaa chake cheusi, na safari hii hakuuliza kitu. Alishika mlango wa gari usijifunge. Mama akabaki na mtoto kifuani.

Barabara kubwa ilikuwa imejaa. Safari alipiga honi. Kila gari lilikuwa likipiga honi, hakuna aliyesikia. Akasimamisha gari katikati.

"Unafanya nini?" Kinyozi alifoka kando yake.

Safari alifungua kidroo, akatoa vitambaa vyeusi vya msiba, akatoka, akavifunga kwenye vioo viwili vya pembeni na kimoja juu ya boneti. Akawasha taa zote. Akaingia.

Na magari yakapisha. Basi likasogea ukingoni. Trafiki aliyekuwa akizuia upande wao akainua mkono akazuia upande mwingine. Watu kando ya njia wakasimama wima, wanaume wakavua kofia. Kinyozi alipoona kofia zinavuliwa, moja baada ya nyingine, alifunika uso kwa mikono.

"Shemeji," sauti ikatoka nyuma. Ilikuwa nyembamba lakini yake kabisa.

"Naam, shemeji."

"Ni hapa wanapolala wale?"

"Hapana. Hapo umelala wewe."

"Foronya itaharibika."

"Utanishonea nyingine."

"Endelea kusema, mama," mkunga alisema. "Niambie mtoto utamwita nani."

"Nasikia baridi."

"Najua. Niambie tu."



* * *

Geti la mbele la hospitali lilikuwa na chuma cha kuinua, na mlinzi mwenye kirungu kwapani. Aliwaona wakija, akatikisa kidole hata kabla hawajasimama.

"Geti la nyuma, mzee. Mochwari ni nyuma. Unafahamu wewe, kila siku unakuja."

"Nina mgonjwa."

"Una nini?"

"Mgonjwa! Mzazi! Fungua!"

Mlinzi akacheka, akainama kutazama vile vitambaa. "Mgonjwa, na umefunga vitambaa? Bwana mkubwa, mimi nilishapewa barua ya onyo kwa ajili ya magari yenu. Wagonjwa wakiyaona yanapita dirishani wanalalamika mpaka juu. Zunguka nyuma, wakikukubalia huko ni wao."

"Ndugu yangu," Safari alisema, "nitakupigia magoti."

"Piga magoti nyuma."

Ndipo mkunga akapiga kelele kutoka ndani, kelele ya mtu asiyeweza kuondoa mikono mahali ilipo: "Fungua geti! Mtu yuko hai humu! Yuko hai!" Mlinzi aliposikia sauti inatoka ndani ya gari la maiti aliruka nyuma, kirungu kikaanguka. Lakini hakufungua. Alishika redio yake na kuanza kumwita mkubwa wake, na mkubwa wake hakujibu, na akaita tena.

Kinyozi alikuwa mtu mpole, mtu ambaye mteja akisogeza kichwa vibaya yeye ndiye anayeomba radhi. Alitoka garini, akakishika kile chuma, akakiinua mpaka pini ikavunjika. Mlinzi akamkamata kola. Kinyozi hakumtazama hata usoni. Alisimama amekinyanyua juu ya kichwa mpaka gari lilipopita.

Kwenye mlango wa dharura, wahudumu walikuja na kitanda cha magurudumu, wakaliona gari, wakasita. Wakasita kidogo tu. Lakini siku hiyo kila kidogo kilikuwa kinajumlishwa mahali fulani.

"Kajifungulia nyumbani?" nesi aliuliza, akiwa anakimbia kando ya kitanda. "Nani kamzalisha?"

"Mimi," mkunga alisema. Alianza kueleza: kondo limetoka lote, mfuko wa uzazi haukukaza, dawa aliyompa na wakati aliompa.

"Ndio nyie," nesi akasema. "Mnatuharibia, halafu mnatuletea." Milango ikafunguka ikafunga, na mkunga akaachwa nje, mikono yake bado imeinuliwa mbele yake kama iliyobeba kitu.

* * *

Walihitaji damu. Kinyozi akatoa, Safari akatoa. Kisha wakakaa kwenye benchi la korido, watatu, Kinyozi katikati. Hakuna aliyejua kama ni lile benchi.

"Nilisikia injini," mkunga alisema baada ya muda, akiangalia ukuta. "Niliuliza. Nikaambiwa lipo."

Kinyozi akatazama sakafu.

"Na sikuchungulia," mkunga akaendelea. "Hatua mbili mpaka dirishani. Mtu mzima mimi, nikaamini."

Wakati Safari ananyanyua kichwa ajibu, mhudumu alitokea mlangoni na kuita korido nzima isikie:

"Mwenye gari la maiti! Liondoe pale mbele. Watu wanalalamika."

Watu wote kwenye korido wakamgeukia. Safari akabaki ameketi.

"Nasema na wewe. Ondoa gari."

"Siondoki," Safari akasema. "Mgonjwa wangu yuko ndani."

"Mgonjwa wako hatakimbia. Linazuia magari ya wagonjwa. Unataka mwingine afe kwa ajili yako?"

Safari akanyanyuka. Alikwenda. Mbele hakukuwa na nafasi aliyoruhusiwa, barabarani trafiki alimfukuza, na mahali pekee ambapo gari lile liliruhusiwa kuegeshwa ni nyuma. Akaliegesha nyuma. Mhudumu wa mochwari, aliyemjua kwa miaka, akatoka akifuta mikono kwenye aproni.

"Leo umemleta nani?"

"Sijamleta mtu."

"Umekuja kuchukua?"

"Sijaja kuchukua mtu," Safari alisema. "Nimeambiwa niegeshe tu."

Alirudi akikimbia kupitia njia ya jikoni. Alipofika kwenye korido benchi lilikuwa tupu. Kinyozi alikuwa amesimama, amelaza paji la uso ukutani, na daktari kijana mwenye macho mekundu alikuwa akimweleza jambo kwa sauti ya chini, akirudia neno "mapema" mara kwa mara. Mkunga alikuwa sakafuni.

* * *

Shemeji alizikwa siku ya pili. Kampuni ilitoa gari bure kwa kuwa ni msiba wa mfanyakazi, na tajiri mwenye kampuni alimpa Safari dereva mwingine, lakini Safari aliendesha mwenyewe. Alisimama mlangoni palepale pa asubuhi ile, na majirani walikuja na vitambaa vyao, na hakuna aliyeuliza gari linafanya nini.

Mama aliwaambia waombolezaji kwamba mkunga ndiye aliyemuua. Alisema hivyo akilia, na pengine kuna saa aliamini. Kinyozi hakusema ndiyo wala hapana. Malalamiko yakaandikwa, leseni ya mkunga ikasimamishwa, na wakaitwa wote mbele ya kamati, chumba chenye meza ndefu na feni bovu. Mkunga alisema aliuliza kuhusu gari akajibiwa lipo. Mwenyekiti akamuuliza Mama. Mama akasema hakumbuki kuulizwa.

"Aliuliza," Safari akasema kutoka viti vya nyuma, kabla hajaitwa. "Mama akasema lipo. Mimi nilikuwa naliondoa, na niliwasikia wote wawili, na nilinyamaza."

Mama hakugeuka. Nje, kwenye ngazi, alimwambia mwanawe neno moja tu: "Umeniuza." Safari akajibu, "Ndiyo, Mama." Hawakuzungumza tena mwaka mzima.

Mkunga alirudishiwa leseni akapewa onyo la maandishi. Hazalishi tena majumbani. Yuko zahanati moja ya mbali, na wanaomfahamu wanasema kila mara anatoka nje kutazama kama gari lipo. Wanawake wa mtaa ule, waliokuwa wameanza kumuulizia, walirudi hospitali. Mmoja wao alijifungulia kwenye benchi mwaka huohuo, akapona, na mtoto akapona. Mlinzi wa geti alilipwa pini yake na Kinyozi na bado yuko kazini. Wamemwekea kibao kikubwa chenye mshale wa kwenda nyuma. Spana alinunua mabati mapya na akakataa kulipwa. Mama Mapacha ndiye aliyemnyonyesha mtoto wiki za kwanza, pamoja na wa kwake.

Kinyozi aliuza vifaa vyake vya kunyolea akahamia mji mwingine kuendesha mashine ya kusaga. Alimchukua binti, akaacha mtoto mchanga kwa Mama mpaka apate pa kukaa. Hajapata. Cherehani ya Shemeji ilibaki chumbani na sare moja ambayo haijatiwa mikono.

Safari bado anaendesha gari lile. Kioo kilibadilishwa, mapazia ya maua aliyatoa, godoro alilichoma. Mtoto sasa anatembea, na haogopi. Akisikia injini hukimbia nje, hupiga bodi nyeusi kwa viganja, hudai kupandishwa mbele ashike usukani. Siku za kumtembelea Safari huegesha mlangoni. Mama hutoka, huliangalia gari, huangalia barabara upande huu na huu, kisha huingia ndani na kumtilia mwanawe chai kwenye kikombe chochote kilicho karibu. Hajamwambia tena alisogeze.